Alhamisi Baada ya Kura

— Kura zikishapigwa Jumatano, Alhamisi mama yangu atapanda nini?

Felista aliuliza huku akiketi. Kwenye benchi la kahawa, ndani huko ng'ambo ya mto, mbele ya Galula, ambako mwaka mzima zinafika bodaboda tu, watu walikuwa wamenogewa na kampeni. Kila Jumatatu lilikuja lori la mgombea Judith kusomba watu wa mkutano, kila Ijumaa gari dogo la Noah la mgombea Makene, na kijiji kilishazikariri siku hizo kama ratiba ya basi. Mwenye mgonjwa alivaa kofia ya chama, akapanda, akashukia mjini. Mama yake Felista ana vyuma pajani, na Alhamisi anatakiwa hospitali, Mbalizi.

— Judith kaahidi mabasi mawili, mwanachuo, alisema mzee Kefa, wanayemwita Spika kwa kupenda kusema.

— Wakati wa masika yatavukaje mto, mjomba?

— Makene ndiye kiboko, alidakia Injinia, mziba pancha za pikipiki. Yeye kasema treni!

— Treni, kaka? Baiskeli yenyewe tunavuka nayo begani!

— Haraka haraka haina baraka, Feli. Itafika.

Spika akasogeza kikombe.

— Nisikilizeni. Tugawe kura nusu kwa nusu, watoke sare. Uchaguzi urudiwe, magari yarudi. Chovya chovya humaliza buyu la asali!

— Methali hiyo inakusuta mwenyewe, mjomba.

— Wakirudia, sare tena! Injinia akapiga paja. Kampeni miaka mitano, usafiri miaka mitano!

Benchi likacheka. Felista hakuweza.

— Si umpakize bodaboda, akae upande? aliuliza Injinia.

— Mwezi jana alikaa upande. Alizimia hata Galula hatujafika.

Brayson, dereva wa ile Noah, alikuwa amefika muda huo na kukuta birika tupu.

— Kwani haya ya usafiri mmewauliza wagombea wenyewe?

Spika akatikisa kichwa: hawakuwa wamewauliza. Mikutanoni kila mtu alikuwa analinda kiti chake cha kurudia nyumbani. Hata Felista, anayewatoa wenzake jasho kwenye midahalo ya chuo, alikaa kimya mikutano mitatu, asije akaachwa njiani yeye na mama yake.

— Na gari lako, kaka Brayson, baada ya kura?

— La kukodi hili, dada. Alhamisi alfajiri natoka hapa nalirudisha Mbalizi, tupu.

Felista akasimama.

— Basi naomba upite kwetu, umchukue mama.