Levis Alikuwa wa Nani?

Benchi la kahawa la Achola liko mtaa wa Bondeni, kwenye kona ya duka la vipuri la Joginder, na mguu wake mmoja umewekewa tofali. Alhamisi ile, saa kumi alasiri, chini ya benchi palikuwa na gunia la viatu vya watoto. Viatu hivyo ndivyo vilikuwa tiketi za mechi ya Jumamosi: anayetaka kuingia uwanjani alete jozi moja, na jozi zote ziende kwa watoto wa shule moja ya mtaa wa Rhonda. Levis, kaka yake Achola, ndiye aliyewafundisha watoto hao mpira wakiwa miguu mitupu. Mwaka jana homa ya mapafu ilimchukua. Mchezo wake ulikuwa mpira wa Kiayalandi, ambao yeye na wenzake walifundishwa na padre aliyekuwa mwalimu wao wa hesabu: unaubeba mpira mikononi, unapiga hatua nne, unaudundisha chini au unaurusha mguuni urudi, kisha unatafuta milingoti. Klabu za mchezo huo zilikuwa mbili, ya Bondeni mjini na ya Dundori mashambani. Kwa heshima ya Levis, zote mbili zilikuwa zimekaa mwaka mzima bila kucheza, na Jumamosi zilikuwa zikutane kumkumbuka. Jambo moja tu lilibaki: nani atavaa jezi yake, namba kumi na moja. Jambo hilo lilikuwa limeingia wiki ya pili.

Upande wa kushoto wa benchi alikaa Mbugua, kinyozi na nahodha wa Bondeni, anayeitwa VAR kwa sababu hakuna ugomvi asiodai kuuona kwa macho yake. Kulia alikaa Gachanja, golikipa wa Dundori, ambaye kila Alhamisi huleta viazi mjini, kwa hiyo watu humwita Kiazi. Katikati yao alikaa mzee Joginder mwenyewe, jina lake Spana. Alichaguliwa kuwa msuluhishi kwa kuwa kwao ni watu wa hoki, hawana upande.

ACHOLA: Nauliza mara ya mwisho. Kumi na moja inavaliwa na nani? Saa kumi na moja jioni mtu wa uwanja anakuja hapa. Kama hamjakubaliana, kuna kanisa linataka uwanja kwa krusedi.

VAR: Dada, hiyo haina hata maswali. Levis ni wa Bondeni. Alizaliwa hapo nyuma, akakulia hapa, dirisha la kwanza kuvunja kwa mpira lilikuwa la hapa.

SPANA: Langu.

VAR: La mzee Spana. Shahidi huyo.

KIAZI: Dirisha si cheti. Miaka miwili ya mwisho alichezea nani? Alikuwa anaendesha gari ya maziwa Dundori, analala Dundori, anafungia Dundori. Mwacha mila ni mtumwa.

VAR: Hiyo methali inasema alikosea kuhama!

KIAZI: Inasema alihama. Hayo mengine ni yako.

ACHOLA: Kunyweni kahawa mnijibu.

Aliwaongezea. Kahawa yake ya tangawizi ilikuwa na ukali wa kumfanya mtu anyamaze kidogo, na Achola aliitegemea sana kwa kazi hiyo.

SPANA: Mimi nasema hivi. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

ACHOLA: Afadhali wewe, mzee. Endelea.

SPANA: Kwa hivyo tung'oe nyasi.

ACHOLA: Nyasi gani tena?

SPANA: Namba. Hakuna mtu avae kumi na moja. Bondeni wavae mpaka kumi, waruke. Dundori pia waruke.

VAR: Na ule upande Levis alikuwa anacheza, nani atacheza?

SPANA: Utabaki wazi. Asiyekuwepo na lake halipo.

ACHOLA: Mzee Joginder! Hiyo unamwambia dada ya marehemu?

SPANA: Pole, Achola. Imetoka vibaya.

KIAZI: Wazi kwa timu zote mbili? Hapo mtu atafunga tu akitaka. Hapana. Wacha niwaambie kitu. Mtu ni chakula. Levis akitoka hapa Bondeni alikuwa na miguu kama spoki za baiskeli. Si mnakumbuka? Akakula viazi vya Dundori na maziwa ya Dundori miaka miwili. Zile paja alifungia goli ya fainali zilitoka kwa shamba letu.

VAR: Kumbe sasa Levis ni mukimo wa viazi?

KIAZI: Nasema ile nyama ilikuwa yetu.

SPANA: Kiazi ana pointi. Ngoja. Nilisikia daktari kwa redio. Mwili wa binadamu hubadilika wote kila miaka saba. Ngozi, mifupa, kila kitu kinaingia kipya. Sasa, Levis alikaa Dundori miaka mingapi?

KIAZI: Miwili.

SPANA: Basi mbili juu ya saba ya Levis ni Dundori. Tano juu ya saba ni Bondeni. Hiyo ni sayansi, haina kabila.

VAR: Umeskia? Tano! Tumeshinda.

SPANA: Tulia. Namba yake ni kumi na moja. Chukua kumi na moja, zidisha kwa mbili, gawa kwa saba. Unapata ishirini na mbili juu ya saba.

KIAZI: Si hiyo ni ile ya duara? Ile padre alikuwa anatuchapia?

Spana aliweka kikombe chini polepole. Macho yalimtoka kama ya mtu aliyeona jina lake gazetini.

SPANA: Ni ya duara. Na mpira ni duara. Na aliyewafundisha duara ndiye aliyewafundisha mpira. Jamani, hii namba haikupeanwa hivi hivi.

VAR: Mzee, nimeshikwa na baridi.

KIAZI: Na hiyo ndiyo imetoka upande wa Dundori, mkumbuke. Ile mbili ni yetu.

VAR: Wacha. Kama tunagawa, tugawe vizuri. Levis alikuwa na mguu wa kushoto wa hatari. Huo ulifunzwa hapa, kwa hii barabara, kwa sababu kulia kulikuwa na mtaro. Kwa hivyo kushoto ni Bondeni. Kulia mchukue. Kulia alikuwa anasimamia tu.

KIAZI: Na mikono? Huu ni mchezo wa mikono pia. Mikono niliinoa mimi golini.

VAR: Mikono tunaweza kuongea.

ACHOLA: Basi!

Sauti yake ilimfanya hata muuza njugu wa ng'ambo ya barabara ageuke.

ACHOLA: Kaka yangu si kuku wa Krismasi mnagawana mapaja. Watoto hamsini na nane wameambiwa Jumamosi watapata viatu. Mimi ndiye nimewaambia. Nimeenda darasani, nimesimama mbele yao, nimesema klabu za Levis zitacheza. Wakanipigia makofi. Sasa niwaambie nini? Kwamba mguu wa kushoto umekataa?

Kiazi alitazama gunia chini ya benchi. Alikuwa amelitumia kama kiegemeo cha miguu tangu saa tisa. Akaondoa miguu.

KIAZI: Pole, Achola. Lakini haraka haraka haina baraka.

ACHOLA: Mechi ni keshokutwa!

KIAZI: Ndiyo maana nasema.

VAR: Shida ni Dundori kujifanya walimpenda kutushinda.

KIAZI: Tulimpenda. Turudi siku ya mazishi kule Ugenya kwa babu yake. Nani aliuweka mpira kwa kifua ya Levis? Ule mpira wa ngozi padre alituachia? Si ni hii mikono yangu mbele ya watu wote?

VAR: Uliuweka baada ya kuambiwa. Nani alisema azikwe nao? Mimi. Nilisimama pale kwa boma yao nikasema, mchezaji haendi safari mikono mitupu. Wamama wakalia. Wazo lilikuwa la Bondeni.

KIAZI: Wazo bila mkono ni upepo.

SPANA: Na jeneza lilikuwa limeshafungwa. Mnasahau. Nani alikuwa na bisibisi mfukoni? Skrubu nane. Nilizifungua moja moja, mpira ukaingia, nikazirudisha nikazikaza. Bila mimi mngeongea mpaka leo.

Achola alikuwa akipangusa vikombe. Aliacha.

ACHOLA: Siku hiyo niliona mmeshikana mikono kando ya kaburi. Bondeni na Dundori. Nikajiambia, angalau Levis ameacha hivyo.

Siku ile ya mazishi wanaume watatu walikuwa wamekubaliana neno, na walionekana kulikumbuka kwa fahari kila mmoja upande wake.

KIAZI: Sawa. Kwa ajili ya Achola. Dundori tuko tayari kupeana nusu ya kwanza. Bondeni wavae kumi na moja, halafu kipindi cha pili jezi ije kwetu.

VAR: Ikiwa na jasho yetu?

ACHOLA: Nitaifua hapo kati mwenyewe.

VAR: Basi sawa. Lakini iandikwe sisi ndio tulianza nayo.

ACHOLA: Itaandikwa.

SPANA: Mgeni njoo, mwenyeji apone! Tumemaliza.

Achola alikaa kwenye ndoo yake kwa mara ya kwanza tangu mchana. Alijimiminia kahawa. Kabla hajaionja, mtu mmoja alivuka barabara, amevaa gambuti zenye chokaa hadi magotini, na begani amebeba wavu uliokunjwa.

— Sasa wazee. Mathe, habari. Mimi naitwa Weldon. Ndiye naangalia uwanja. Nimeambiwa hapa ndiyo ofisi ya mechi.

ACHOLA: Karibu, kaka. Ndiyo hapa. Na tumekubaliana. Mechi iko.

WELDON: Hiyo ni poa, kwa sababu watu wa krusedi wamenipigia simu mara nne leo. Mistari nitachora kesho asubuhi. Milingoti nimeirefusha kwa mabomba, vile mlisema mpira ukipita juu pia ni pointi. Niko na kitu kimoja tu kinanisumbua.

Alikunjua wavu juu ya mapaja ya VAR na Kiazi. Ulikuwa na mashimo, mengine ya kupitisha kichwa.

WELDON: Haya mashimo nitashona, lakini sijui mpira wenu ni saizi gani. Sitaki goli ifungwe halafu mpigane ati ilipita nje. Nipeni mpira nipime.

VAR alikuwa ameinua kikombe. Kilibaki njiani.

SPANA: Mpira.

WELDON: Eeh. Wa kucheza. Dakika moja tu, narudisha.

Kiazi aliinama akachungulia ndani ya gunia la viatu, ingawa alijua vizuri kilichokuwamo. Spana alitazama duka lake, kisha akatazama angani, kisha akatazama vidole vyake.

WELDON: Au uko Dundori?

KIAZI: Hapana. Dundori hauko.

WELDON: Uko hapa Bondeni?

VAR: Hapa pia hauko.

WELDON: Kwani mko nayo mingapi?

SPANA: Ulikuwa mmoja. Padre alitoka nao kwao. Hata dukani hapa mjini hakuna, tulishatafuta zamani.

WELDON: Na huo mmoja uko wapi?

Yule muuza njugu alipita akiita wateja. Wanaume watatu walimsikiliza kama vile hawajawahi kusikia njugu zikitangazwa.

KIAZI: Kusema ukweli, wazo lilikuwa la VAR.

VAR: Wazo? Si umesema wazo ni upepo? Mkono ulikuwa wako.

KIAZI: Mkono unapita kwa mbao? Skrubu nane zilifunguliwa na nani?

SPANA: Mimi ni fundi. Fundi anafungua kile ameambiwa afungue. Wenye mpira ndio walikuwa wanajua wako na mingapi.

VAR: Na wenye mpira ni timu ya marehemu. Ambaye, tukisema bila ubishi, alikuwa mtu wa Dundori.

KIAZI: Aka! Kuzaliwa ni kuzaliwa, ndugu yangu. Damu ni ya Bondeni. Tano juu ya saba!

VAR: Nyama ilikuwa yenu. Umesema mwenyewe.

KIAZI: Kulia tu! Kushoto kulikuwa kwenu!

Achola alisimama. Hakupaza sauti safari hii.

ACHOLA: Wiki mbili nimewapikia kahawa mkimvuta kaka yangu huku na kule. Kila mtu wake, wake. Leo ndiyo mnamsukumiana?

Kila mmoja alikimbilia kikombe chake.

Weldon alikunja wavu wake kwa uangalifu. Alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka, na alionekana kuona aibu kwa niaba ya watu asiowajua.

WELDON: Mathe, pole sana. Lakini wale wa kanisa wananingojea. Niandike nini? Mechi ama krusedi?

Achola aliliangalia gunia. Kiatu kimoja chekundu, cha mtoto wa kama miaka sita, kilikuwa kimechomoza mdomoni mwake. Alikirudisha ndani, akafunga gunia kwa kamba.

ACHOLA: Andika mechi.

WELDON: Na mpira?

ACHOLA: Utaletwa na hawa watatu. Jumamosi, saa nane kamili.

WELDON: Watautoa wapi?

Achola alichukua kikombe cha VAR kikiwa nusu, akachukua cha Spana, akachukua cha Kiazi, akazimwaga kahawa zote mtaroni, tangawizi na kila kitu. Kisha akabeba chupa zake na gunia kuelekea ndani ya duka, ambako Spana humruhusu kuweka vitu vyake.

Weldon alienda zake. Wanaume watatu walibaki kwenye benchi, wanatazama kahawa ikitiririka.

VAR: Tunaweza kutumia voliboli.

KIAZI: Voliboli ni nyepesi. Levis angetucheka.

SPANA: Tumpigie padre simu.

VAR: Aupakie mpira kwa ndege leo ufike keshokutwa? Na namba yake nani anayo?

SPANA: Levis alikuwa nayo.

Kiazi alikuna kidevu, akasogea karibu na Spana, akashusha sauti.

KIAZI: Mzee. Ile bisibisi bado uko nayo?

VAR: Gari ya kwanza ya Ugenya kesho ni saa ngapi?

Achola alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

— Simameni, aliwaambia.

Walisimama. Akaliinua benchi, akaingia nalo ndani, na tofali akarudi kulichukua.