Asili ya Neno Skam

Mbele ya duka la ushirika la Nesvåg, pwani ya magharibi ya Norwe, kulikuwa na benchi lililotazama gati. Mwaka ule wa 1986 wazee watatu walikaa hapo kila asubuhi na chupa moja ya kahawa: Torgils, mpiga kengele mstaafu, aliyeitwa Kengele, Sjur, mvuvi, aliyeitwa Heringi kwa samaki aliowavua, na Anfinn Nesheim, asiye na jina la utani kwa kuwa hakusema vya kutosha kupewa. Jumatatu hiyo walibishania neno la mahubiri ya jana: skam, yaani aibu.

— Mchungaji anasema huko kale lilimaanisha kufunika, alisema Kengele. Mtu akiumbuka hujifunika uso.

— Wewe na mchungaji wako! alijibu Heringi. Limetoka kwa kondoo. Hujamwona akishanyolewa? Anajificha nyuma ya wenzake, hata majani hataki.

— Mbona Wajerumani wanalo, na Waholanzi? Nao walinyoa kondoo wetu?

— Wajerumani ndio waliolileta, mwaka wa arobaini, kwa meli!

— Muongo mkubwa! Bibi yangu alinichamba nalo kabla ya vita.

— Nakwambia! Walituachia maboma ya zege, wakatuachia neno hilo, na wale wasichana wao...

Heringi akakumbuka aliyeketi kando yake.

Anfinn alitazama gati. Hapo dada yake alipanda meli kiangazi cha 1945, kitambaa kichwani, baada ya wanakijiji kumnyoa kwa kumpenda askari wa Kijerumani. Anfinn, mwenye miaka kumi na saba, alijificha nyuma ya banda la mashua. Alimwona akigeuka, akigeuka tena, akimtafuta.

— Nisamehe, ndugu yangu, alisema Heringi. Mdomo huu!

— Alikuwa akipiga mluzi akikamua ng'ombe, alisema Anfinn. Siku hizi nausikia.

Ragnfrid, mpeleka barua aliyehamia majuzi, alikuwa amesimama na mkoba wake. Kengele alimmiminia kahawa ya mwisho.

— Mnamsema nani, wazee wangu?

— Dada yake Anfinn.

— Anaitwa nani?

Kengele alichungulia kikombe. Heringi, aliyesoma darasa moja na dada huyo, alifunga kifungo cha koti, akakifungua. Kwa miaka arobaini na mmoja jina hilo halikutamkwa Nesvåg, hata mezani kwa Nesheim.

Anfinn alifungua mdomo mara mbili.

— Gudveig, alisema. Gudveig Marta Nesheim.

Sauti ilimtoka ya kivulana.