Kajiado Juu ya Mlango wa Kabati

Kijiwe chetu kiko Kajiado, pale barabara ya stesheni inapokutana na ile ya soko la mifugo, na mali yake yote ni benchi moja, jiko la Zipporah na birika mbili za kahawa ya tangawizi. Mwaka ni 2006. Hapo utampata Gichuru, anayeitwa Ploti kwa sababu anauza ploti za Kitengela akiwa amekaa Kajiado, na Parmuat, tunayemwita Vet ingawa hajawahi kukanyaga chuo chochote cha mifugo. Ni vile tu ng'ombe wakimwona wanapona kwa uoga. Mimi wananiita Digrii, na usidhani ni heshima. Niko na BA ya Geography, second class upper, na mfuko mzima wa barua zinazoanza na "we regret". Mbele ya benchi, juu ya kreti mbili za soda, kumelazwa mlango wa kabati la zamani. Juu ya huo mlango nimejenga Kajiado.

Kazi nilipewa na Mzee Maweu, stesheni masta, ambaye amestaafu na lazima aachie mwingine nyumba ya reli. Binti yake Mutindi, nesi huko Birmingham, alimtumia zawadi: treni ndogo ya betri, vipande vya reli vya kuunganisha vikawa duara, na mandhari ya kubandika. Theluji, miti ya Krismasi, nyumba yenye paa jekundu. Mzee akaniletea sanduku lote akasema, "Wewe ulisomea mambo ya dunia. Hii baridi niondolee. Nataka stesheni yangu, niende nayo kwetu Kibwezi."

Kwa wiki tatu, kila jioni alikuja, akainama, akaangalia, na akasema maneno mawili tu: "Si hapa." Kisha ananionyesha kosa na kwenda zake. Leo ndiyo siku ya mwisho. Canter ya kubeba vyombo inakuja saa nne. Tangu nimalize chuo hakuna mtu amewahi kuangalia kitu nilichofanya na kusema ndicho chenyewe. Nilitaka huyu mzee aseme "ndio hapa," hata kama ni kwa kunong'ona.

– Digrii, hii nyasi yako imekufa, alianza Ploti kabla hata hajakaa. Customer akiona hii rangi anarudi kwao Murang'a.

– Ni katani. Nimeichemsha na majani ya chai. Nyasi ya Kajiado mwezi wa tisa iko hivyo.

– Na kwa nini mwezi wa tisa? Chagua mwezi wa tano, mvua imenyesha, watu wako na roho safi. Si wewe ndio Mungu wa hapo?

– Mimi si Mungu. Mimi ni geographer.

– Ndio maana huna kazi. Mungu ako na kazi.

Zipporah alicheka akamjazia kikombe. Anamcheka kila mtu kwa usawa, ni mwanamke wa haki.

– Mnywe, alisema. Udongo haujafika upande wa Konza.

Hiyo inahitaji maelezo. Ule udongo mweusi wa upande wa Konza, unaopasuka kiangazi na kumeza gari wakati wa mvua, niliujaribu na rangi, nikajaribu na makaa, ukakataa. Ni Zipporah aliyegundua kwamba unga wa kahawa unaobaki chini ya birika, ukianikwa juu ya bati, unakuwa udongo ule ule, mpaka na nyufa. Tangu siku hiyo kijiwe kinakunywa kwa ajili ya taifa.

– Mimi nimekunywa eka nzima tangu Jumanne, alisema Ploti. Na hakuna title deed.

Vet alikuwa amechuchumaa, jicho moja limefungwa, anaangalia miti. Miti hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu. Shina ni waya wa stima niliousokota, majani ni sponji ya godoro iliyokatwakatwa na kutiwa rangi. Siku nne.

– Hii miti ni waongo, alisema.

– Imekosa nini?

– Umeweka majani mpaka chini. Wapi umeona mti ya Kajiado iko na majani mpaka chini? Kwani mbuzi walikufa?

– Mbuzi bado sijaweka.

– Mbuzi hata usiweke. Weka mahali amefikisha mdomo. Vet akasimama, akaweka kiganja kwenye kifua. Mbuzi akisimama na miguu ya nyuma anafika hapa. Chini ya hapa hakuna jani hata moja. Juu ya hapa ni ya twiga. Kata.

Nilitaka kumwambia atoe reference. Miaka minne ya university, field trip mbili, lecturer wa Biogeography na slides zake za msitu wa Amazon, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia urefu wa mbuzi aliyesimama. Nikachukua makasi ya Zipporah nikakata. Mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja ukawa umenyolewa chini kama umepitiwa na rula, na ghafla, maze, ikawa ni kwetu. Nilichukia sana vile alikuwa right.

– Sasa na hizi takataka? Ploti aliuliza.

Nilikuwa nimekata jualati, ile karatasi nyembamba ya plastiki ya dukani, vipande vidogo kama kucha, navibandika kwenye miiba.

– Ni realism. Nenda pale nyuma ya soko uangalie. Miti yetu inachanua makaratasi mwaka mzima.

– Unatuaibisha mbele ya Birmingham.

– Birmingham haitaona. Inaenda Kibwezi.

– Kibwezi ndio mbaya zaidi. Wakamba watasema tulikuwa tunakaa kwa jalala. Buda, sikiza. Aterere, iko hivi. Ploti akashusha kikombe, na tukajua theory imefika. Mnajua wazungu walitengeneza Kenya ndogo kwanza? Juu ya meza. Huko Berlin. Milima ya unga, mito ya kioo, reli ya waya. Wakaona inazunguka vizuri ndio wakakuja kufanya hii kubwa. Sisi tunakaa kwa copy.

– Nani alikuambia?

– Inajionyesha. Angalia Ngong. Hiyo ni mlima ya mtu kufinya na vidole, akasahau kulainisha.

Niliangalia juu kuomba subira. Nililipiwa karo na ng'ombe wawili wa nyanya yangu ili nije kusikia haya. Lakini Vet alikuwa amelichukua kwa uzito.

– Kama walianza na ndogo, alisema pole pole, basi ndogo ndio mwenyewe. Kubwa inafuata. Kwa hivyo chenye tutaweka hapa kwa mlango, huko nje italazimika ifuate.

Watu wakaanza kuutazama mlango wa kabati kama wanatazama afisa wa serikali ambaye kwa bahati hajaenda lunch.

– Basi niwekee mfereji wa kufungulia maji, alisema Zipporah. Hapa, karibu na jiko.

– Mama, hapo hakuna mfereji.

– Ndio nakwambia uweke.

– Na lami mpaka Kitengela, Ploti akaingia. Na stesheni Kitengela.

– Reli haipiti Kitengela.

– Haipiti kwa sababu huko Berlin mtu aliteleza mkono. Wewe rekebisha. Na airport ndogo, ya mbuzi wa export.

– Ndege ya mbuzi hapana, alisema Vet. Mbuzi akipanda juu atarudi na tabia.

Nilikuwa napiga gundi kwenye paa la stesheni, na nilipoinua kichwa, nchi ilikuwa imenyakuliwa. Zipporah alikuwa amejenga kibanda chake kwa sanduku la kiberiti, na yeye mwenyewe wa kitambaa ameinama anawasha jiko la uzi mwekundu. Kando yake, mfereji wa pini. Ploti alikuwa na ofisi, mlango wazi, mteja ndani, kibao nje. Vet alifinyanga ng'ombe saba wa udongo, kila mmoja na jina lake, wanarudi boma kwa mstari, na nyuma yao vumbi la pamba aliyoichovya kwenye chai. Vumbi lenyewe, sitasema uongo, lilikuwa zuri kuliko kitu chochote nilichofanya mimi.

– Nyinyi watu, nilisema, na sauti ilikuwa imepanda. Hii ni kazi ya mtu. Mzee anataka stesheni vile iko. Sio wishlist yenu. Mnaniharibia, na canter inakuja sasa hivi. Mkitaka maendeleo nendeni kwa MP.

– Na wewe kila kitu umeweka ni cha ukweli? Zipporah aliuliza kwa upole.

– Kila kitu.

– Na huyu kijana amekaa ndani ya dirisha ya stesheni, amevaa tai?

Wote wakainama. Tai ilikuwa ya uzi wa bluu. Alikuwa na meza pia, na faili mbili. Nilidhani hakuna mtu angechungulia ndani.

– Karani wa reli, nilisema.

– Ako na kichwa kubwa kama yako, alisema Vet.

Walicheka mpaka Ploti akamwaga nusu eka. Nilikaa chini. Kusema kweli, sikuwa na hasira tena, ingawa niliitafuta. Jua lilikuwa zuri, kahawa ilikuwa moto, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nilikuwa na kazi iliyoharibiwa na wafanyakazi wenzangu. Hiyo nayo ni ajira.

Saa nne kamili canter ikasimama, imebeba kitanda, viti, masufuria na kuku wawili ndani ya kikapu. Mzee Maweu alishuka na koti lake la kazi, vifungo vyote vimefungwa, kwenye hilo joto. Mkewe, Mama Nzula, alibaki mbele na dereva.

– Sopa, alisalimia.

– Epa, mzee, alijibu Vet, akamwachia nafasi.

Mzee akainama. Nilianza kueleza mfereji, na ofisi, na nikasema vinaweza kutolewa, ni gundi kidogo tu. Hakunisikiliza. Aliangalia tangi la maji, ambalo lilikuwa kosa la juzi, akaona nimelilaza kidogo upande vile linavyolala. Akaangalia signali, kosa la Jumatatu. Akapitisha kidole chini ya miti, pale mbuzi alipofikisha mdomo, akarudia tena. Halafu akabonyeza swichi.

Treni ikatoka. Mabehewa matatu niliyoyapaka unga wa chokaa yawe meupe kwa magadi, kama yale ya kweli. Yakapita kwenye udongo wa Konza, yakaingia stesheni, yakapita ng'ombe saba, yakarudi. Mzee aliyafuata kwa kichwa, mzunguko baada ya mzunguko. Nilingoja "si hapa." Nilikuwa tayari nimeshaandaa uso wa kuipokea.

Mlango wa canter ukafunguka. Mama Nzula alikuwa amechoka kungoja. Hakuwahi kufika kijiweni hata siku moja; alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, akasimama kando ya mumewe akatazama kwa muda mrefu, mikono imefungwa ndani ya leso.

– Ni kuzuri, alisema. Hapa ni saa ngapi?

– Saa nne na robo, mama, nilisema.

– Sio hapa kwetu. Hapo ndani.

– Jioni, alisema Vet. Ng'ombe wanarudi.

– Jioni gani? alisema Zipporah. Mimi ndio nawasha jiko. Ni alfajiri.

– Ni saa sita mchana, alisema Ploti. Ofisi imefunguliwa, customer ameketi. Mimi sifungui alfajiri.

Wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nimechora kivuli cha tangi kwa masizi ya jiko, kirefu, kizuri, na kivuli cha stesheni pia. Nikaviangalia. Kimoja kilielekea Konza, kingine kilielekea Magadi. Ndani ya dirisha la stesheni nilikuwa nimeweka taa ya manjano. Geography, second class upper.

Basi tukamwangalia Mzee Maweu. Huyu ni mtu ambaye aliandika dakika kwenye daftari maisha yake yote ya kazi. Kuna dereva wa gari la moshi la magadi aliyesimamishwa na yeye kwenye jua, akihojiwa kuhusu dakika nne. Alitazama jiko la Zipporah. Akatazama ng'ombe, mteja wa Ploti, vivuli vyangu viwili, na kijana wa tai.

– Sijui, alisema.

Alisema kama mtu anayevua viatu vilivyombana.

– Nzula, mimi sijui.

– Miaka yote hiyo nimekula peke yangu, alisema Mama Nzula, nikiambiwa gari la magadi halijafika. Sasa hata wewe hujui saa. Panda twende tukale.

Zipporah akageuza uso upande wa jiko. Tukaubeba mlango watu wanne, kama tunabeba mgonjwa, tukaulaza juu ya godoro nyuma ya canter. Hakuna ng'ombe aliyeanguka. Nilikagua gundi mara mbili bila sababu.

Mama Nzula alirudi mbele. Mzee alikataa kiti chake cha mbele. Alipanda nyuma kwa shida, akakaa kando ya mlango wa kabati, miguu imenyooka kati ya masufuria na kuku.

– Mzee, nilimwita. Kwa hivyo ndio hapa?

Dereva alikuwa ameshawasha injini na kuanza kuondoka, na barabara ya soko ilikuwa tayari imeanza kutimka nyuma ya magurudumu, lile vumbi letu jekundu lisilo na adabu. Mzee aliliona likija. Akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akalivua, akalitandaza juu ya mlango wote kutoka Konza mpaka stesheni, na kulishika pembeni kwa mikono miwili, vumbi la Kajiado lisije likaingia Kajiado.