Toto Ageuka Mzee

Benchi letu liko upande wa Uganda, hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka wa Busia, kwenye baraza la duka ninaloshonea nguo. Selpher hutuletea kahawa ya tangawizi, nasi tunaitengeneza dunia mpaka birika likauke. Asubuhi moja ya mwaka sitini na saba Oguttu alifika akisukuma baiskeli yenye kreti mbili za soda, uso umemshuka. Oguttu ni wakala wa kampuni moja ya Tororo iliyokuwa ikitengeneza soda ya nanasi, jina lake Toto. Watoto waliipenda sana. Basi wakubwa wa kampuni, sijui waliota nini, wakaamua inywewe na watu wazima. Wakaitia kwenye chupa nyeusi, wakabandika picha ya bwana mwenye kofia na glasi mkononi, wakaibatiza Mzee. Ndani ni nanasi lile lile.

Wa kwanza kumvaa Oguttu alikuwa Phanuel, mchukuzi wa mizigo kutoka upande wa Kenya. Tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki.

Redio: Oguttu, umefiwa?

Oguttu: Bado, ila Jumamosi nakufa mimi. Hii Mzee isipotoka, kampuni anachukua baiskeli, kazi anapa mtu mwingine. Mimi narudi Kirewa kulimia shemeji pamba.

Selpher: Shemeji yule aliyekufukuza?

Oguttu: Huyo huyo. Sasa ona taabu yangu. Wanaume wanasema hii ni ya watoto. Watoto wanataka, lakini mama zao wanaona chupa nyeusi, wanasema ni pombe. Nani atakunywa?

Nilimhurumia kwa kweli. Lakini kijiweni kwetu ukileta shida, unapewa ushauri kabla ya pole.

Redio: Dawa ni pilipili. Mwanamume anataka kinywaji kinachomkohoza. Tia pilipili mbili kila chupa, uone.

Mimi: Na kizibo utakirudisha na nini, meno?

Hapo Okochi akaweka spana chini. Ni fundi baiskeli, lakini tunamwita Waziri, maana hakuna serikali ambayo hajaishauri.

Waziri: Nyinyi hamjui watu wa Busia. Kitu kinapita barabarani mchana, na karatasi za forodha, nani anataka? Peleka hiyo kreti Kenya kwa njia ya mtoni, halafu rudisha kwa njia ya mtoni. Ikifika hapa ni magendo. Watu watapigania!

Oguttu: Na askari akinishika?

Waziri: Ndiyo vizuri! Mtu akifungwa kwa ajili ya soda, hiyo soda ni ya watu wazima.

Redio: Aa, hiyo ni kazi nyingi. Tafuteni mhubiri aikemee Jumapili. Aseme Mzee inavunja nyumba za watu. Jumatatu hamna chupa.

Oguttu: Jumapili mimi niko Kirewa na jembe!

Tulicheka, na yeye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Ndipo mama mmoja akasimama mbele ya benchi, kikapu kichwani. Akajitambulisha kuwa Nangila wa Masafu.

Nangila: Wazee wangu, jamboni. Ijumaa wakwe wanakuja kuongea mambo ya binti yangu. Wazee saba, wote wameokoka, malwa hawaonji. Nasikia hapa iko kinywaji ya wazee, haina pombe.

Oguttu aliruka akampa chupa. Nangila akaigeuza, akaitazama picha muda mrefu.

Nangila: Huyu bwana anakunywa peke yake?

Oguttu: Ndiyo, mama.

Nangila: Wenzake wako wapi?

Redio mwenyewe alizimika. Sote tumekulia kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi: chungu kiko katikati, wazee wamekizunguka na mirija mirefu, ng'ombe wa mahari wanakubaliwa hapo hapo. Mtu mzima anayejifungia na chupa yake tunamwogopa. Chupa ya peke yako ni ya mtoto. Tulikuwa tumeshauri asubuhi nzima, na hilo halikutupitia kichwani. Niliona aibu.

Oguttu aliikodolea macho ile picha. Kisha akauliza polepole.

Oguttu: Mama, chungu yako kubwa inaingia chupa ngapi?

Nangila: Ile ya harusi? Kreti mbili inameza, na haijai.

Redio: Lakini mkimimina chunguni gesi itatoka yote!

Nangila: Itoke. Wakwe wabaki.

Oguttu alikuwa ameshakaza kamba za kreti. Akageuza baiskeli kuelekea Masafu, Nangila akatangulia. Oguttu alipofika barabarani akapiga kelele bila kugeuka.

Oguttu: Waziri! Nitafutie mirija saba, mirefu! Nitarudi kuchukua!