Carlota Inasio na Mikorosho Minane ya Rangi Nyekundu

Baba Paroko, Mwenyekiti wa kijiji, wageni wetu kutoka chuo kikuu, ndugu na majirani wa Mahurunga, familia imenipa mimi, Dalila, mtoto wa mwisho wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, sauti yangu ni ndogo, naomba mnivumilie.

Mama yetu Carlota Inasio alizaliwa tarehe 3 Mei 1962 ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, akiwa mtoto wa pili wa mzee Inasio na bibi Nilza, na mwaka 1965, vita vilipozidi kule, alivushwa mto akiwa mgongoni kwa mama yake, wakafikia hapa Mahurunga, na hapa ndipo akabaki.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 na kumaliza la saba mwaka 1977, hakuendelea kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, na wengi mliopo hapa mnajua kwamba barua za wazazi wenu zilizokwenda mbali aliziandika yeye.

Tarehe 26 Novemba 1983 alifunga ndoa na baba yetu Cesar, Mungu akawajalia watoto watatu, kaka Inasio mwaka 1985, dada Nilza mwaka 1990, na mimi mwaka 1997, na wajukuu watano, mdogo wao ana miezi saba. Baba alitangulia tarehe 8 Septemba 2014, akamwachia Mama mikorosho ishirini na minne.

Kazi ya Mama ilikuwa kilimo, korosho na muhogo, lakini kuanzia tarehe 12 Februari 2018 aliongezewa kazi nyingine, siku hiyo walipofika watu wa chuo kikuu wakitafuta wakulima wa kushirikiana nao katika utafiti wa ubwiriunga, ugonjwa unaounguza maua ya mikorosho. Chuo kilikuwa kimepata ufadhili wa miaka mitatu, msimamizi alikuwa mhadhiri, Dkt. Gladness, na mwanafunzi wake Mathayo, aliyekuwa akisomea shahada ya pili, ndiye aliyepita mashambani kuhesabu, nao walileta karatasi ya ridhaa iliyopitishwa na kamati ya chuo, Mama akaisoma yote ndipo akasaini. Mikorosho kumi na sita ilipulizwa dawa ya salfa, minane ikapakwa rangi nyekundu kwenye shina, ikawa haipulizwi, na kila baada ya Ijumaa mbili, kuanzia Juni hadi Septemba, maua yalihesabiwa.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, lakini Julai 2019 jirani yetu Bi. Mwanakombo, ambaye yupo hapa na amenikubalia niseme, alisimama mpakani mwa shamba akamwambia Mama, "Mama Inasio, hii minane ni ya kambo? Mbona mingine unaiogesha, hii unaiacha na upele?" Watu walicheka, Mama naye alicheka, lakini maneno yale yalimwingia, na mikorosho ile ilipandwa na marehemu Baba, basi Jumapili moja baada ya misa alichukua salfa iliyobaki, akaipulizia yote minane.

Mathayo alipokuja kuhesabu alifurahi sana, akadhani amepata mikorosho ambayo ugonjwa hauiwezi, akampigia simu mwalimu wake, na Oktoba wakaja wote wawili kukata vikonyo, vile vitawi vinavyounganishwa kwenye miche michanga ili ifanane na mti vilikotoka, miche hiyo igawiwe kwa wakulima. Mama aliwapikia chai, akaficha habari ya salfa, akiogopa kuondolewa kwenye utafiti na kuaibika kijijini, lakini walipoondoka hakula, alituambia kwamba kuna watu watapanda miche ile, wataacha kupuliza, na watakosa korosho kwa sababu yake.

Jumanne tarehe 22 Oktoba 2019 alipanda gari hadi Mtwara mjini, akawakuta kwenye nyumba ya wageni kule Chikongola, vikonyo vikiwa vimefungwa kwenye magunia mabichi, akawaambia, "Wanangu, msivisafirishe vikonyo hivyo, ile minane niliipulizia mimi." Mathayo aliinama, maana mwaka wake mzima ulikuwa umepotea, lakini Dkt. Gladness alimpa Mama kiti, akamwambia, "Mama, tulikuambia usipulize, hatukukuambia kwa nini. Kosa hili tutaliandika kuwa la kwetu."

Na waliliandika, takwimu za mwaka ule zikafutwa, kurugenzi ya utafiti ya chuo ikawaongezea mwaka mmoja, Mathayo akachelewa kuhitimu lakini akahitimu, na tangu hapo timu ile haianzi jaribio bila kuwakalisha wakulima na kuwaeleza kila mti una kazi gani, kwamba usiopulizwa ndio wa kulinganishia, tena kila mkulima hupewa daftari lenye sehemu ya maelezo, aandike lolote lililotokea, hata akikosea. Mama alialikwa chuoni kwenye wiki ya utafiti, Mei 2022, akawaeleza wanafunzi habari ya salfa yake, akarudi akisema ukumbi ulikuwa na baridi na pilau haikuwa na viungo.

Katika ile minane, mkorosho namba kumi na tisa uliugua kidogo kuliko mingine kwa miaka yote mitatu iliyohesabiwa, bila salfa na bila siri, miche yake sasa inajaribiwa, kwa ufadhili mpya, katika mashamba mengine, likiwemo la Bi. Mwanakombo, huku mikorosho ya Mama ikiendelea kuhesabiwa, na hesabu ya mwisho ni Septemba mwaka huu.

Mama alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2021, mwezi Mei mwaka huu figo zikashindwa, akalazwa hospitali ya mkoa, na hata pale kitandani aliniuliza Ijumaa ya hesabu ni lini. Alifariki Jumatano tarehe 9 Julai 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Paroko, jumuiya, majirani mliopika na kuchimba, na Dkt. Gladness na Mathayo, waliotuambia hesabu ya leo isubiri.

Haikusubiri, leo ni Ijumaa, na asubuhi kabla mwili haujafika nilikwenda shambani, Bi. Mwanakombo akinishikia matawi, nikahesabu maua ya mikorosho yote ishirini na minne, na kwenye sehemu ya maelezo nimeandika kama Mama alivyofundisha, kwamba mwenye shamba amefariki na aliyehesabu ni mwanawe.

Mama, minane ya rangi nyekundu haijaguswa na mtu, pumzika kwa amani.