Kalisti Mihayo, Mtani wa Msiba Wake Mwenyewe

Wakubwa wote mliofika, shikamooni, na ninyi mliosafiri kwa lori kutoka Geita, poleni kwa vumbi. Mimi ni Donatus, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu wa shule ya kati, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Kalisti Mihayo Ngassa, kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya vizuri kuliko mimi, na kwa muda mrefu zaidi.

Marehemu alizaliwa hapa Ibadakuli tarehe 4 Oktoba 1897, kwa mujibu wa cheti chake cha ubatizo, ingawa yeye alidai hadi mwisho kwamba padri aliikisia tarehe hiyo kwa kumtazama meno. Aliingia shule ya misheni mwaka 1908, akajifunza kusoma na kuandika, na mwaka 1910 aliondolewa kwa kosa la kutembea nyuma ya katekista akiiga mwendo wake, mbele ya waumini wote, siku ya Pasaka.

Tarehe 12 Julai 1919 alifunga ndoa na mama yetu, Serafina Limi, wakajaliwa watoto watano, ambao kati yao tuko hai watatu, mimi, Philomena na Bartholomeo. Mama alikuwa mkali, baba alikuwa mzaha mtupu, na sisi tulikua katikati yao tukiwa tumeshiba vyote viwili.

Mwaka 1928 alipata kazi ya uhamali katika stesheni ya Shinyanga, na hapo ndipo alipokutana na Mzee Maulidi Sabiti, fundi cherehani, Mzaramo, ambaye mnamwona pale amekaa juu ya kitanda cha marehemu alichokitoa nje tangu asubuhi, na anakataa kukirudisha mpaka tumpe jogoo. Kwa vijana wasioelewa, Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani ana ruhusa ya kuja msibani akamwigiza marehemu, akamsema kwa uchoyo wake na mwendo wake, ili waliofiwa wapate kupumua. Baba aliitwa katika misiba ya Wazaramo wote wa mjini, hata ya watu asiowahi kuwaona, na inasemekana alikuwa akipita kwanza kwa majirani kuuliza marehemu alikuwa akigombana na nani.

Mwaka 1940 alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, akasukuma vigari vya mawe kwa miaka kumi na mitano, na kila Jumamosi alasiri aliwachekesha wachimbaji kambini, akisimama juu ya debe na kuwaiga wanyapara.

Sasa nafika mahali ambapo nilishauriwa niparuke. Mama aliugua tumbo mwanzoni mwa 1951, baba akaomba ruhusa kazini, akaja kumuuguza, na mama akafariki hapa nyumbani tarehe 14 Machi. Siku ya mazishi Mzee Maulidi alitimiza wajibu wake wa utani, akamwigiza mama akiwafukuza kuku jikoni, na baba, badala ya kukaa na kulia kama mfiwa, aliinuka akasema, "Hapana Maulidi, hukumpata, alikuwa hivi," akaanza yeye mwenyewe kumwigiza mama. Mtani huchekesha msiba wa mwenzake, wake huulilia, na jambo hilo halikuwahi kuonekana hapa, wazee wakamtoza mbuzi siku hiyohiyo.

Mbuzi alimtoa, ila hakuacha. Alirudi Geita, na mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja kutoka Katoro alinieleza, huku akifuta machozi ya kicheko, kwamba kuna mzee kambini anayegombana na marehemu mkewe juu ya debe. Niliona aibu kubwa, nikamwandikia barua kwamba asipoacha kumfanya mama kichekesho, asikanyage nyumbani kwangu, naye akanijibu kwa mstari mmoja, "Njoo usikie kwanza." Sikwenda. Kwa zaidi ya miaka miwili mimi na baba hatukuonana, na wajukuu wake wawili walizaliwa bila yeye kuwabeba, na kosa hilo ni langu, nalisema mbele yenu.

Nilikwenda Jumamosi ya tarehe 11 Desemba 1954, nia yangu ikiwa ni kumshusha kwenye lile debe kwa mkono. Nilisimama nyuma ya watu. Alianza na uzee wake, akasema magoti yake siku hizi hayasalimiani, kisha akageuza shingo, na mama akaongea. "Baba Donatus, nikifa usinizike karibu na mama yako, nimekaa naye miaka kumi na minane, inatosha." Wachimbaji walicheka hadi wakashikana mabega, na wengine walilia, watu wa mbali waliopata habari za misiba yao kwa barua. "Nabishana naye peke yangu," baba akawaambia, "sauti zote mbili ninazo mimi, na bado ananishinda." Mimi nilishindwa kusogea, kwa sababu nilitambua kwamba nilikuwa nimeisahau sauti ya mama yangu, na baba alikuwa nayo nzima.

Aliponiona alishuka, akaniuliza mbele ya wote, "Nimekosea wapi, mwalimu?" Nikamjibu, na sijui jibu lilitoka wapi, "Alikuwa akikohoa kabla ya kuita jina langu, si baada." Alifikiri kidogo, akarudi juu ya debe, akairudia sawasawa.

Mwaka 1955 alistaafu, akaishi kwangu kwa raha, na kila Jumapili baada ya chakula wajukuu waliozaliwa bibi yao akiwa kaburini waligombezwa naye, wakamzoea, wakamwogopa ipasavyo.

Mwezi Mei mwaka huu kifua kilimbana, pumzi ikawa haitoshi sauti mbili. Jumapili iliyopita alinitaka mimi nimwigize mama, nikajaribu, akasema nimelegea, nikajaribu tena kwa ukali zaidi, nikamwita, "Baba Donatus!" Alifumba macho, akatabasamu, akaitika, "Naam, Mama Donatus." Kwa miaka saba alikuwa akijiita na kujiitikia mwenyewe. Alifariki jana, Jumamosi tarehe 9 Agosti 1958, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, au wowote ambao meno yake yalionyesha.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika tangu jana, wenzake wa stesheni na wa machimbo, wazee waliomla mbuzi wake, na Mzee Maulidi, ambaye jogoo wake anakamatwa sasa hivi.

Baba, umetuchekesha vya kutosha, pumzika kwa amani, na kama mama ameshaanza kukugombeza, nyamaza umsikilize, safari hii ni yeye mwenyewe.