Mama Mkwe Yuko Chumba cha Pili

Ukishuka Igogo kuelekea ziwani, mbele ya kibanda cha Venant fundi pasi, utalikuta benchi moja la mbao lililopinda katikati. Usilidharau. Benchi hilo limeshapanga vikosi vya mpira, limeshawaoza mabinti wa watu wasioulizwa, limeshahamisha stendi mara tatu, na yote hayo kwa kikombe cha kahawa na kipande cha kashata. Wenye benchi lao ni watatu. Kuna mzee Chenge, Msukuma aliyestaafu kwenye ghala la pamba, anaitwa Waziri kwa sababu hajui kuongea bila kutoa agizo. Kuna Venant mwenyewe, Mhaya, ambaye amejipa jina la Injinia na watu wamemwachia. Na kuna Shimba muuza kahawa, ambaye kazi yake ni kuzunguka mitaa, ila akifika hapo miguu inagoma. Ijumaa hiyo akaja wa nne, Zadok, fundi wa mageti, Mjaluo wa Shirati, mtu wa maneno machache. Alisalimia, akakaa ukingoni, akakataa kashata. Hapo wote wakajua kuna jambo.

— Wewe Geti, nani kafa? Waziri akauliza.

— Hajafa mtu, mzee. Kesho nasafiri na familia. Tunavuka ziwa kwenda kisiwani Nansio, tunalala hotelini siku mbili.

— Sasa huo ndio wa kununia? Venant akacheka. Watu wanalilia kwenda hoteli, wewe unalia kwa kwenda!

— Naenda na mama mkwe.

Shimba aliyekuwa anamimina kahawa akaliinua birika lake, kahawa isimwagike bure.

Maana mila ya akina Zadok wanaijua. Kwao, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, na mkwe na mama mkwe hawakai wakatazamana wanatafuna. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Mama yake Akinyi, mke wa Zadok, akija Mwanza kutibiwa macho hufikia kwa dada yake Buhongwa. Anakuja Igogo mchana, anawabeba wajukuu, anawaimbia, jua likianza kulala anafunga kanga yake anaondoka. Na kila mara Favour, binti mkubwa wa Zadok, anamfuata mpaka barabarani akilia, anauliza bibi amekosewa nini hata asilale kwao. Zadok swali hilo lilimchoma mpaka akakosa pa kujificha. Ndipo siku moja, akiwa anachomelea geti la hoteli ya mtu, wazo likamjia: hoteli si nyumba yake. Hoteli si nyumba ya mtu yeyote.

— Vyumba viwili, akawaeleza. Mimi na Akinyi kimoja. Mama na wajukuu zake cha pili. Watalala naye, wataamka naye. Hawajawahi kuamka na bibi yao.

— Aisee! Venant akapiga goti lake. Mwiko umeupita pembeni bila kuugusa! Geti, wewe kumbe una akili, basi tu mageti yamekuficha.

— Umetisha, kaka, akasema Shimba. Umetisha kabisa.

— Serikali imekubali, akatangaza Waziri. Na huyo mama namheshimu. Si ndiye yule aliyebanika samaki Shirati mpaka akasomesha watoto wote?

— Ndiye. Sita. Peke yake.

— Mwanamke wa shoka. Sasa shida iko wapi?

Zadok akashusha pumzi. Shida, akasema, ni asubuhi. Hoteli ina ukumbi mmoja wa chai, na ukumbi una meza moja ndefu. Hawezi kukaa pale na kipande cha mkate mdomoni, mama mkwe yuko mbele yake. Kwa hiyo watakula vyumbani, na chakula amesema ataandaa yeye mwenyewe, Akinyi apumzike. Aliyasema hayo kwa mdomo mpana mbele ya mkewe, na sasa hajui aweke nini mezani. Na mama mkwe hana kawaida ya kulalamika. Akikosa chakula anachokiweza atasema ameshiba, atakaa na njaa anatabasamu, halafu mwaka kesho akialikwa atasema miguu inamuuma. Wajukuu watakuwa wameamka na bibi yao mara moja, basi, imetoka.

— Nisaidieni, jamani. Nisije nikaharibu.

Ungeona walivyokunja mikono ya mashati. Benchi halijawahi kuombwa msaada kwa adabu namna ile.

— Matobolwa, Waziri akafungua kikao. Viazi vitamu vimechemshwa, vikaanikwa mpaka vikakauka. Unafunga kwenye mfuko, havichachi, haviozi, havidai friji. Asubuhi unavilowesha kwa maji ya moto, karanga pembeni, mtindi juu yake. Wazee wetu walichunga ng'ombe mpaka huko Shinyanga na matobolwa mfukoni. Waswahili walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi mnakaa siku mbili, kwa hiyo jembe usibebe, beba matobolwa.

— Mzee, methali hiyo haihusu viazi, akasema Shimba.

— Jembe linalima nini? Si viazi?

Shimba akamwongezea kahawa. Waziri, alipoona ameshinda, akaingiza na mkewe, maana hapitishi siku bila kumsifu. Akasimulia jinsi walivyokwenda Dodoma kijana wao alipohitimu chuo, wamejazana chumba kimoja, na mama Ng'washi akafungua kikapu chake. Mayai aliyachemsha nyumbani. Mikate ameikata tayari. Parachichi amezifunga kwenye gazeti ziivie njiani. Ndizi, chumvi kwenye kikaratasi, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Mashuka hayakudondokewa hata na chembe.

— Mhudumu alikuja kubadilisha taulo, akasimama mlangoni anameza mate. Mama Ng'washi akamkatia mkate. Nilimtazama yule mwanamke nikasema, mimi Chenge nimeoa. Nimeoa kweli kweli.

Hata Venant, ambaye hupenda kubisha, akatikisa kichwa kwa heshima. Lakini heshima yake haikai sana.

— Sawa, ila huo ni ushamba wa kubeba jiko zima. Hotelini mle mna mitambo! Mna birika la umeme. Unatia mayai humo, maji yakichemka, tayari. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Yai likielea limeoza, Injinia, akasema Shimba.

— Usinikatishe. Mayai yakitoka, maji yaleyale unakorogea uji.

— Maji ya mayai?

— Yana virutubisho! Halafu pasi. Nani amewahi kuwaza kuhusu pasi? Unachukua mkate, unapaka siagi, unaufunga kwenye karatasi ya jikoni ile inayong'aa, unaupiga pasi pande mbili. Unatoka mwekundu, unalia kacha kacha. Mimi nimejaribu hapa hapa kibandani na pasi za wateja.

— Pasi za wateja? Zadok akashtuka.

— Ni majaribio, kaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Shimba naye akaona akinyamaza ataonekana muuza kahawa tu. Akaweka birika chini. Yeye, akasema, anatetea samaki. Mama wa Shirati umpe mkate? Umpe sato aliyekaangwa tangu jana, mzima na kichwa chake. Na kumpasha moto hakuhitaji pasi ya mtu. Nyuma ya friji ya chumbani kuna joto. Unamlaza hapo usiku, mnalala naye, asubuhi kapata moto wake polepole. Haraka haraka haina baraka.

— Chumba kitanuka mpaka mapokezi, akasema Zadok.

— Harufu ya sato Nansio nani ataijua? Kisiwa kizima kinanuka sato!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Na Zadok naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliwatazama hawa watu wanaogombania chakula cha mama mkwe ambaye hawajawahi kula naye, akaona kwamba anawapenda. Hakusema. Mwanamume wa benchi hasemi hayo.

— Suluhisho kubwa bado, Waziri akainua kidole. Mnaning'iniza shuka katikati ya ukumbi. Mama upande huu, Geti upande ule. Mnakula pamoja, hamuonani. Mila imelindwa, umoja umedumishwa.

— Na akitaka chumvi?

— Inapita chini ya shuka. Mjukuu anapokea.

— Bora dirishani, akasema Venant. Chumba cha mama kiwe chini, cha Geti juu. Unashusha kikapu kwa kamba. Nitakufungia kapi, gurudumu la kupitishia kamba, kikapu kipande na kushuka chenyewe!

Kapi lilikuwa limeshachorwa mchangani kwa kijiti wakati mwanamke mmoja wa makamo alipofika, mfuko wa sokoni begani. Ni Evelina, mshonaji wa kule juu, amefuata pasi yake. Akamsalimia mzee Chenge shikamoo, akaitikiwa, akapewa pasi. Akaigeuza. Akakwangua kitako chake kwa kucha, akanusa.

— Venant, hii pasi mbona ina siagi?

— Ni mafuta ya mashine hayo, dada.

Shimba akageuka upande kuficha kicheko. Evelina akataka kujua wanaume wazima wanachora nini mchangani, na Waziri akamweleza yote, kuanzia mila na vyumba viwili mpaka sato wa nyuma ya friji. Evelina alisikiliza. Habari ilipofika kwenye wajukuu waliotaka kuamka na bibi yao, uso wake ukalainika, akamtazama Zadok kwa macho mengine.

— Umefanya jambo zuri sana, kaka yangu. Sana. Sasa mama mwenyewe asubuhi hupenda kula nini?

Waziri akamgeukia Shimba. Na wote wakamgeukia Zadok.

Zadok alikuwa mkwe wa yule mama tangu Favour hajazaliwa. Anaijua sauti yake, mwendo wake, kikohozi chake cha moshi wa samaki. Lakini hajawahi kumwona akitia kitu mdomoni. Angemwona wapi?

— Mpigie mkeo, akasema Evelina.

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Akinyi alikuwa sokoni, kelele za wachuuzi nyuma yake.

— Akinyi, mama asubuhi anapenda kula nini?

— Mama? Mama anapenda... Ngoja. Alikuwa anatupa uji, tunakwenda shule.

— Yeye je?

— Yeye alikuwa anatumiminia. Halafu anaosha vikombe. Halafu anakwenda kwenye samaki. Zadok, sijui. Mimi mtoto wake, sijawahi kumwona mama amekaa anakula asubuhi. Sauti yake ikabadilika. Hebu kata simu kwanza.

Simu ikakatika. Pale kwenye benchi hakuna aliyetafuta methali. Waziri alitazama ziwani, na bila shaka alikuwa anajiuliza kuhusu mama Ng'washi na kile kikapu, kama kuna siku alimwona naye anakula.

Zadok akasimama. Akashusha mikono ya shati aliyokuwa ameikunja, kana kwamba simu ina macho, akampigia mama mkwe kule Buhongwa.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba Favour. Kuna usalama?

— Usalama, mama. Nilikuwa nauliza... kesho kutwa, tukiamka kule, asubuhi ungependa kula nini?

— Aa, watoto wakila mimi nimeshiba.

— Hapana, mama. Watoto watakula. Nauliza wewe.

Mama akacheka kidogo, kicheko cha aibu kama cha msichana.

— Basi, baba. Mimi nataka chai ya maziwa ambayo sijaipika mimi. Niinywe nimekaa.

— Utaipata, mama. Nitaipika mimi mwenyewe, Akinyi atakuletea.

— Wewe? Haya, baba. Mungu akubariki.

Zadok akaishusha simu. Macho yake yalikuwa na maji na hakuyaficha, na safari hii hakuna aliyemtania. Akawageukia wataalamu wake.

— Haya, wakubwa. Chai ya maziwa. Kinatangulia nini, majani au maziwa?

Waziri akakohoa. Akasema mambo ya chai yako chini ya wizara ya mama Ng'washi. Venant akasema hutegemea na umeme. Wote wakamtazama Shimba, mwenye birika mkononi, mtu ambaye mtaa mzima unakunywa kwake.

— Msinitazame mimi, akasema Shimba. Hii anachemsha mke wangu. Mimi nabeba.

Evelina aliwatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine. Akaiweka pasi chini, akautua mfuko wake, akawasogeza kwa nyonga akakaa katikati ya benchi.

— Kwanza, akasema, tunanawa mikono.